Kilimia na Mstari wa Kijani

Leza ilinifikia Chitete ndani ya boksi la sabuni, imevishwa soksi nene ili isigongwegongwe njiani. Niliiagiza kwa mfanyabiashara mmoja wa Tunduma anayeuza vipuri vya simu, naye akampa dereva aliyekuwa analeta dawa kwenye kituo chetu cha afya. Dereva aliponikabidhi aliniuliza kama ni kifaa cha maabara. Nikasema ndiyo, maana ilikuwa rahisi kuliko kumweleza kwamba mtu mzima wa miaka arobaini na sita ameagiza taa ya kuonyeshea nyota.

Mimi ni mtaalamu wa maabara. Kutwa nzima nimeinamia hadubini, natafuta vimelea vya malaria kwenye tone la damu, na jioni ikifika shingo inadai haki yake. Miaka minne iliyopita daktari mmoja mgeni alimaliza mkataba wake akaniachia darubini ndogo ya kutazamia angani. Alisema mimi nimeshazoea kuchungulia, nigeuze tu upande. Tangu hapo, jioni ambazo hakuna mawingu, baada ya kula natoka nayo uani. Giza la Chitete ni giza kweli, na barabara yetu mbovu imetufaa kwa jambo hilo moja: wageni ni wachache, na taa ni chache.

Shida ilikuwa kulenga. Kile kidude cha pembeni cha kulengea kilivunjika mwaka wa kwanza. Ikawa napiga magoti vumbini, shavu limegusana na bomba la darubini, naitafuta nyota moja nusu saa nzima, na nikiipata magoti yananiuma kiasi kwamba siioni vizuri. Nikasoma kwenye simu kwamba wenzetu wa mchezo huu hufunga leza ya kijani juu ya darubini. Ukiiwasha, mstari wake unanyooka mpaka kwenye nyota unayoitaka, na wewe unaufuata.

Mimi nilitaka ile ndogo ya walimu, ya kuonyeshea ubaoni. Iliyokuja ilikuwa kubwa kama tochi ya mlinzi, nzito, ina ufunguo wake kama pikipiki, na miwani ya rangi ya chungwa ya kukinga macho. Niliijaribu kwanza chumbani, mlango nimefunga, miwani nimevaa. Nilichomeka njiti ya kiberiti kwenye kopo la mchanga, nikailenga kichwani. Nilihesabu mpaka tatu, njiti ikawaka.

Nilizima, nikatoa ufunguo, nikakaa kitandani. Najua jicho limeumbwaje; nimesoma. Kama njiti imewaka, mboni ya mtu itafanyaje? Usiku ule nilijiwekea masharti yangu: nisiiwashe mahali ambapo mtu anaweza kupita mbele yake, nisiielekeze barabarani, na kabla ya kuielekeza juu nitazame mbingu yote na kusikiliza kama kuna ndege. Ufunguo niliufunga kwenye mnyororo wa shingoni, pamoja na msalaba.

Kesho yake, kama saa mbili usiku, nilitoka nayo. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, mvua zilikuwa zimenyesha mara mbili tu na zikaacha hewa safi. Nilisikiliza, nikatazama pande zote, nikabonyeza. Sikuwa nimejiandaa kwa nilichokiona. Nilidhani nitaona doa, kumbe ulikuwa mstari, umenyooka kama uzi wa fundi mwashi, umetoka mkononi mwangu ukapanda hadi mahali ambapo macho yalishindwa. Vidudu vilivyoukatiza viliwaka kijani mara moja, vikapotea. Nikausogeza taratibu kuelekea mashariki, juu ya paa la nyumba ya jirani, mpaka ncha yake ikatulia kwenye kile kifungu cha nyota ndogo ndogo tunachokiita Kilimia.

Nikajikuta nasema kwa sauti, peke yangu uani, "Dada, kile pale."

Dada alikuwa Kitwe, upande wa Zambia, mwendo wa siku nzima na zaidi. Hakujua hata kama nina darubini.

Baba yetu ni mkulima wa kahawa na mahindi huko Isansa. Hakuvuka darasa la nne, lakini mwezi wa Novemba, baada ya chakula cha jioni, alikuwa akitutoa nje sisi wawili na kutusimamisha kando ya vichanja vya kuanikia kahawa, ambavyo wakati huo vilikuwa vitupu. Kilimia kikishaonekana mashariki mapema jioni, mbegu zinapaswa kuwa tayari. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Alinyoosha kidole akauliza kama tunakiona.

Mimi niliona kidole. Kilikuwa kimepinda kwenye kiungo cha juu kwa sababu kiliwahi kubanwa na mashine ya kukobolea, na nyuma yake kulikuwa na nyota zisizo idadi. Nilikuwa na miaka sita au saba. Nilijua kwamba kuna kitu pale ambacho baba anakipenda, na kwamba mimi sikioni.

Halafu baba alikuwa akituuliza ni nyota ngapi. Dada, aliyenizidi miaka mitano, alikuwa amenishika mkono. Kabla sijafungua mdomo alinibinya kiganja, mara sita. Nikasema sita. Baba akaridhika, akasema basi kesho tutoe mbegu.

Ilikuwa hivyo kila mwaka, mpaka dada alipokuwa mkubwa wa kukaa jikoni na mama na mimi nikapelekwa shule ya bweni. Sikumwambia mtu yeyote. Nilipojifunza nyota kwa haki, nikiwa nimeshaota mvi, kitu cha kwanza nilichokitafuta kilikuwa Kilimia, na nilipokipata sikuwa na wa kumwambia kwamba nimekipata, kwa sababu kila mtu aliyenihusu alidhani nilikuwa nacho siku zote.

Dada aliolewa na kijana wa Nakonde. Walijuana sokoni Tunduma, dada akiuza maharage ya nyumbani. Kijana akapata kazi Kitwe, wakahamia huko. Siku ya kuondoka kwake mimi ndiye niliyembebea sanduku mpaka mpakani. Wanawe wamekua wanasema Kibemba na Kiingereza. Wakinisalimia kwenye simu mimi najibu Kiswahili, tunacheka kidogo, kisha simu inarudishwa kwa mama yao.

Mama yetu alipofariki, dada alifika tumeshazika. Alisema basi liliharibika njiani, kabla ya kufika Isoka, wakalala porini. Alikuta udongo bado mbichi na mashada ya maua hayajanyauka. Alikaa siku mbili, hazungumzi, akarudi. Baada ya hapo simu zetu zikawa fupi. Mvua vipi huko, watoto hawajambo, mguu wa baba unaendeleaje. Hatukugombana. Tungekuwa tumegombana ningejua pa kuanzia kuomba radhi.

Ndiyo maana usiku ule wa Chitete, baada ya kuizima leza, nilimpigia. Nilitaka kumweleza juu ya mstari wa kijani lakini maneno yakaja vibaya, nikamwambia tu kwamba baba anazeeka, aje Krismasi. Akasema atajaribu. Nilishamsikia akisema hivyo mara nyingi. Safari hii alikuja.

Alikuja peke yake, na begi moja. Nilimpokea mpakani tukaenda moja kwa moja Isansa. Alikuwa amenenepa na amevaa miwani, na alipopiga magoti kumwamkia baba alisema "shikamoo" halafu akaongeza "mukwai", kama wanavyomalizia kule kwa heshima, bila kujua kama amesema. Baba alimshika kichwa kwa mikono yote miwili. Alikaa hivyo kwa muda, kisha akauliza kama njiani wamekula.

Nilikuwa nimekuja na leza kwenye mkoba. Nilipanga kuwatoa wote wawili uani jioni ya kwanza na kuwaonyesha. Ikanyesha. Ikanyesha jioni ya pili, sikukuu yenyewe, tukarudi kutoka kanisani na viatu mkononi. Jioni ya tatu mvua ilikatika kwa muda, lakini mawingu yalikuwa yamelala juu ya mibuni, chini kabisa. Nikasema basi niwaonyeshe hata taa yenyewe. Niliwaweka nyuma yangu, mgongo kwa ukuta, nikawasha.

Mstari ulipanda, ukagonga wingu, ukafanya doa kubwa la kijani kama jani la mgomba lililofifia. Dada aliniuliza kama unaweza kuangusha ndege. Nikamwambia kuangusha hauwezi, ila unaweza kumpofusha rubani, ndiyo maana natazama kwanza. Baba alikuwa amesimama na fimbo yake, ameinua uso.

"Umefika wapi huo?" aliuliza.

"Umeishia kwenye mawingu, baba."

"Basi haujafika."

Hakusema kwa ubaya. Aligeuka akaingia ndani kusikiliza taarifa ya habari, sisi tukabaki tunatazama doa likitikisika kwa mkono wangu.

Asubuhi yake tuliingia shambani. Mahindi yalikuwa magotini na magugu yamesongamana, na baba hawezi tena palizi ya siku nzima. Dada alisema hajashika jembe miaka kumi. Kufikia saa nne alikuwa ameshatoka malengelenge, amefunga kanga viganjani, lakini hakukubali kupumzika. Tulikuwa tunakwenda sambamba, kila mmoja na mstari wake, na labda kwa sababu hatukuwa tunatazamana nikaweza kusema.

"Dada, mimi sikuwahi kukiona Kilimia. Wewe ulikuwa unanibinya tu."

Akasimama, akaegemea mpini. Nilidhani atacheka. Aliniambia kwamba mama ndiye aliyemnong'oneza, tangu mwaka wa kwanza, kwamba baba anataka kusikia sita. Nikamuuliza yeye mwenyewe aliona ngapi.

"Sijawahi kukiona mpaka leo," alisema. "Niliogopa nikisema sikioni, na wewe utaogopa."

Ndipo tukacheka, tukacheka mpaka baba akaita kutoka nyumbani kuuliza kuna nini. Tukajibu hakuna kitu. Halafu dada akaacha kucheka, akajifuta uso kwa mkono wenye udongo, akasema tulikuwa tunamdanganya mzee miaka yote ile, naye anatusimamisha pale kwenye baridi akidhani anatupa kitu. Nilimwambia mbegu zilipandwa kwa wakati na mahindi tulikula. Alilima hatua kadhaa, kisha akaniuliza kama mimi sasa nakijua. Nikasema nakijua.

"Basi nionyeshe kabla sijaondoka."

Zilikuwa zimebaki jioni mbili. Zote mbili ilinyesha. Tulikaa karibu na moto, baba amelala, tunasikiliza mabati. Niliona dada akienda mlangoni kila baada ya muda, anatoa kichwa, anarudi. Alikuwa anatazama mbingu kama mtu anayesubiri gari.

Siku ya kuondoka baba hakutusindikiza mpaka barabarani. Alisimama mlangoni, akampa dada mfuko wa kahawa aliyoitwanga mwenyewe, akamwambia awasalimie watoto. Hakumuuliza atarudi lini. Niliona dada akingoja swali hilo, na lilipokosekana akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Basi lake la Kitwe lilikuwa la alfajiri, kwa hiyo alitakiwa kulala Nakonde kwa wifi yake. Mimi nina nyumba yangu Tunduma, kama inaweza kuitwa nyumba. Najenga kidogo kidogo kwenye mteremko unaotazama upande wa Nakonde. Chumba kimoja cha nyuma ndicho kilichoezekwa, sebule bado ni kuta nne na mbingu. Tulipika hapo mchana, tukala ugali na dagaa, saa kumi na moja nikamsindikiza. Mvua ilikuwa nyepesi. Tulipofika mpakani aliniambia nisivuke, nitalowana bure. Akanikumbatia upande mmoja kwa sababu ya begi, akaenda. Nilimfuata kwa macho kati ya malori na wabeba mizigo mpaka mwavuli wake ukafanana na miavuli mingine.

Nilirudi kwangu. Sikuwasha taa. Nilikaa mlangoni mwa chumba cha nyuma, kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikasikiliza mvua ikipungua kwenye turubai lililofunika saruji, mpaka ikaacha kabisa. Nilikuwa nawaza kuondoka kesho kurudi kazini. Kisha upepo ukaanza, ule wa baridi unaokuja baada ya mvua, na nilipoinua macho, pale ambapo paa la sebule halipo, palikuwa na nyota.

Tunduma nyota ni chache. Taa za malori na za maduka zinazifuta. Lakini mvua ilikuwa imeosha vumbi na moshi wote, na kaskazini mashariki, katikati ya mbingu, mawingu yalikuwa yanavutwa kama pazia. Kilimia kilikuwapo. Nilikitambua kwanza kwa pembe ya jicho, kama inavyotakiwa, kisha nikakitazama ana kwa ana nikahakikisha.

Nilimpigia dada. Laini yake ya Tanzania bado inashika Nakonde, akapokea mara ya pili.

"Uko ndani?" nilimuuliza.

"Ndani. Tunakula."

"Toka nje. Tazama huku kwetu, kwenye kilima chenye mnara wa simu."

Nilisikia akiomba radhi kwa Kibemba, kiti kikiburuzwa, mlango. Nilivua mnyororo shingoni, nikachomeka ufunguo. Niliweka simu juu ya tofali, sauti nikaifungulia. Kuta za sebule yangu zilikuwa juu ya kichwa changu pande zote, hakuna mtu ambaye ningeweza kumgusa jicho. Nilitazama kila upande, nikasikiliza. Hapakuwa na ndege, ni ngurumo za malori tu. Nikawasha.

"Nimeuona," dada alisema, upesi kuliko nilivyotarajia. "Ni wako huo? Wa kijani?"

"Ni wangu. Ufuate mpaka mwisho."

"Umekatika."

Nilikuwa nimesoma juu ya jambo hilo lakini sikuwahi kulijaribu. Mimi niliyesimama chini ya mstari niliuona umefika kwenye nyota zenyewe. Yeye aliyekuwa kando, zaidi ya kilomita moja, aliuona unaishia chini kidogo ya hapo, hewani. Nilimwambia aendelee na macho, kana kwamba mstari haukukatika, kwa upana wa ngumi moja.

Kwenye simu nilisikia redio ya kwa wifi, na maji yakidondoka kutoka kwenye bati. Nikauegemeza mkono kwenye fremu ya dirisha.

"Kuna kirundo," alisema. "Kidogo. Kama unga uliomwagika."

"Ndicho hicho."

"Kidogo hivi?"

"Kidogo hivyo."

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Mimi nilikuwa natafuta kitu kikubwa."

Leza ilikuwa imepata moto mkononi. Kubwa kama hizi hazitakiwi kuwashwa mfululizo, nikazima. Dada akaniambia nisizime. Nilimweleza kwamba lazima ipoe. Akasema basi nikishaona imepoa niwashe tena, hata kama tayari amekiona. Tukakaa hivyo, kila mmoja upande wake, simu ziko wazi, bila mstari. Ni katika kukaa huko ndipo alipolisema.

Alisema siku ile ya mama basi halikuharibika. Alifika Nakonde jioni ya kuamkia mazishi. Alilala kwa wifi, nyumba ile ile aliyosimama nje yake sasa. Asubuhi alivaa, akashika begi, akafika mpakani, akashindwa kuvuka. Alikuwa hajamwona mama miaka mitatu na alikuwa amemwahidi kila mwaka. Aliogopa kuuona uso wake. Alikaa kwenye benchi la wauza chai upande wa Zambia mpaka alipojua kwamba tumeshazika, ndipo akaja.

Nilikumbuka kwamba siku ile, wakati watu wanasubiri, mimi ndiye niliyemwambia mchungaji aendelee tu. Nilikuwa nimembebea dada hasira ndogo kwa ajili ya basi, miaka yote, na kumbe hapakuwa na basi.

"Ungenipigia," nilisema mwishoni. "Ningekuja kukuvusha."

"Najua. Ndiyo maana sikupiga."

Nikawasha tena. Sikulenga vizuri mara ya kwanza, macho yalikuwa yameloa, mstari ukaenda kushoto. Dada aliniambia, "Rudi kulia. Hapo. Hapo hapo." Akawa yeye ndiye anayenielekeza kutoka nchi nyingine. Mara ya tatu mwanga ulikuwa umefifia, betri imeisha. Jirani yangu aligonga mlango wa mabati kuuliza kama wale watu wa mnara wamekuja kupima. Nilimwambia hapana, ni mimi. Niliporudi kwenye simu salio langu lilikuwa limekwisha.

Aliondoka alfajiri. Alituma ujumbe mmoja akiwa kituoni, kwamba amejaribu kukitazama tena na hakipo. Nilimjibu kwamba saa hiyo kinakuwa kimeshazama.

Februari nilipata ruhusa ya siku mbili, nikaenda Isansa, jioni ikawa njema. Nilimtoa baba nje, kando ya vichanja. Niliielekeza leza kwenye Kilimia, ambacho wakati huo kilikuwa kimeshaanza kuinama magharibi, nikamuuliza anaona nini. Alisema anauona mstari, ila nyota hazioni tena, na hajaziona kwa miaka kadhaa, hakutaka kutusumbua. Nilishika mkono wake. Nilimwambia kwamba dada alikiona akiwa Nakonde, kwa mstari huu huu. Ya shambani na ya mpakani sikumwambia, maana hayakuwa yangu peke yangu.

Aliuliza kutoka Nakonde mpaka Kitwe ni mwendo gani. Nikamweleza. Akauliza kama mtu mwenye mguu mbovu anaweza kukaa ndani ya basi muda wote huo. Nikasema wapo wanaokaa. Tukaingia ndani.

Dada alisema atakuja Pasaka. Hakuja, mtoto wake mmoja alikuwa na mitihani, na mume wake alikuwa kwenye zamu. Alipiga simu kutuambia, na baba alipomaliza kuzungumza naye alinirudishia simu, akasema nimtafutie hati ya kusafiria.

Baba ana miaka themanini na moja na hajawahi kuvuka mpaka. Nilimpeleka Vwawa kupiga picha. Alivaa koti lake la kanisani, nikamfunga vifungo kwa sababu vidole vyake siku hizi havishiki. Mpiga picha alimwomba avue kofia, akaivua. Akamwomba atazame mbele, lakini baba aliinua uso sana, ikabidi nimshushe kidevu kwa mkono wangu, taratibu, mara mbili. Wakati tunasubiri picha zitoke aliniuliza kama dada anajua kwamba tunakuja. Nikamwambia bado.

"Usimwambie," alisema. "Atahangaika kupika."

Picha zilitoka nne, zote zinafanana. Moja aliomba aibebe mwenyewe, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Kwenye ofisi ya uhamiaji tuliambiwa fomu ina upungufu kidogo, turudi Jumatano.